Mji wa Mchana: Mkazi wa Buyangu na Mipango ya Kakamega

Mazungumzo yaliyotolewa kwa wakazi katika baraza la Buyangu kuhusu ukuaji wa mji wa Kakamega na masoko yaliyo kandokando ya barabara

 

Mazungumzo ya leo yanahusu mji. Huenda mtu akauliza mji unaingilia wapi hapa Buyangu, penye msitu, mbega, mahindi na miwa. Swali hilo ni zuri, na jibu lake linaanzia kwenye sensa.

Sensa ya 2019 ilihesabu kila mtu mahali alipolala usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti. Kwa hesabu hiyo kaunti ya Kakamega ilikuwa na watu 1,867,579, na mji wa Kakamega ukapata watu 107,227. Hesabu ya namna hiyo ina kazi yake, kwa kuwa serikali lazima ijue nani analala wapi ili ijue shule na zahanati zijengwe wapi. Lakini inamhesabu mtu akiwa amelala. Mji hauishi usiku. Mji huishi saa nne asubuhi, na saa hiyo barabara za Kakamega zimejaa watu ambao karatasi za sensa zinasema wako kwingine: Malava, Shinyalu, Ikolomani, Navakholo, na hapa Buyangu.

Yupo mwanafunzi anayekwenda Chuo Kikuu cha Masinde Muliro na kurudi kwao jioni. Yupo mzee aliyefuata hati ya shamba kwenye ofisi ya ardhi kwa mara ya tatu. Yupo mgonjwa aliyepewa rufaa kwenda hospitali kuu ya kaunti, na ndugu yake aliyembebea chakula. Yupo kijana mwenye vifungu vya mukombero mkononi, akipita kati ya magari yaliyosimama na kuwauzia abiria mizizi waitafune njiani. Na yupo mama mboga. Wote hao hawamo katika zile 107,227. Mipango ya mji ikichorwa kwa kuwaangalia wanaolala mjini peke yao, watu hawa huonekana kama msongamano, kana kwamba wamekuja kuharibu mji wa wenyewe, ilhali wao ndio wanaoufanya uwe mji.

Ifuateni siku ya huyo mama anayeuza mboga za kienyeji. Mboga huchumwa jioni: kunde, mrenda, saga, managu. Hunyunyiziwa maji, hufungwa mafungu na kupangwa ndani ya gunia. Saa kumi na moja alfajiri yuko kando ya lami, gizani, akisubiri matatu ya kutoka Malava. Utingo anataka nauli ya mtu na nauli ya gunia. Safari ni ya kilomita 20 hivi, kupitia Lubao, kupita chuo kikuu, hadi mjini. Akishuka, steji ni tope kama mvua ilinyesha jana, na Kakamega mvua ilinyesha jana karibu kila siku ya mwaka. Analibeba gunia kichwani kuelekea sokoni. Njia ya waenda kwa miguu ipo hatua ishirini, kisha imemezwa na gari lililoegeshwa, kisha ipo tena, kisha ni mtaro usio na kifuniko. Inabidi ashuke barabarani, agombanie nafasi na pikipiki.

Sokoni analipa ushuru. Anatandika gunia na kupanga mafungu. Kufikia saa sita jua limeyafikia majani na mboga zinaanza kulegea, hivyo bei inashuka kabla wateja wa mchana hawajaja. Choo kipo, ila ni cha kulipia na kiko mbali na mzigo. Akina mama wengi sokoni wamejifunza kutokunywa maji mchana kutwa ili wasiende. Jambo hilo halizungumzwi sana kwenye mikutano, labda kwa aibu, lakini ni swala la mipango miji kama barabara yoyote ya lami, na ni la afya pia. Saa tisa mawingu yanatoka upande wa Nandi, radi inapiga, na kila mtu anakimbilia veranda ya duka la mtu mwingine. Jioni anarudi. Taa za barabarani zikiwaka, anaweza kungoja wateja wa saa moja wanaotoka kazini, ambao ndio hununua bila kupunguza bei sana. Zisipowaka, anauza mafungu yaliyobaki kwa bei ya kutupa na kuwahi gari.

Kila hatua ya siku hiyo ina mahali pake katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, sehemu inayotaja kazi za serikali za kaunti. Masoko yamo. Barabara za kaunti na taa zake zimo. Maegesho na usafiri wa umma umo. Mitaro ya maji ya mvua imo, uzoaji wa taka umo, maji na usafi wa mazingira umo. Hata leseni za mbwa zimo, jambo ambalo watu wa Lubao wanapaswa kulijua vyema kuliko kaunti nyingine yoyote, maana soko lao la mbwa limewaletea sifa nchi nzima. Kwa hiyo mkazi anapolalamikia mtaro, mlango sahihi wa kubisha ni wa kaunti yenyewe.

Kuna mpaka mmoja wa kuukumbuka. Barabara kuu ya Kisumu, Kakamega hadi Webuye iko chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu za Kitaifa, KeNHA. Lami hiyo pamoja na hifadhi yake ya pande zote mbili ni mali ya serikali ya kitaifa. Kibanda kikisimamishwa ndani ya hifadhi, kaunti haina uwezo wa kukipa uhalali, hata kama kimelipiwa ushuru wa siku. Mwenye kibanda akiona alama ya rangi nyekundu ukutani, mara nyingi huikimbilia kaunti akiwa na risiti mkononi, na risiti ile haimsaidii. Ni heri kulijua hilo kabla ya kununua mabati.

Mji huu haukuanza kwa kuwafikiria wanaokuja na kurudi. Mwaka 1920 serikali ya kikoloni ilihamisha makao yake ya eneo hili kutoka Mumias hadi Kakamega, na kilichojengwa kilikuwa ofisi, nyumba za maofisa, kambi ya askari na maduka machache. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 dhahabu ikaonekana. Wachimbaji wakamiminika, mahema yakatapakaa mashambani, na jina la Rosterman likabaki hadi leo kwa mtaa uliokua kando ya mgodi.

Sehemu moja ya habari ile ya dhahabu yafaa isisahaulike. Mwaka 1930 serikali ilikuwa imetunga sheria ya ardhi ya wenyeji iliyoahidi kwamba kipande kikichukuliwa, wenyeji wangeongezewa kingine cha thamani sawa, na kwamba baraza lao lingeulizwa kwanza. Dhahabu ilipopatikana Kakamega, sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 1932, miaka miwili tu baadaye. Fidia ikawa pesa badala ya ardhi, na kuulizwa kukaondolewa. Wazee waliokuwepo hawakulisahau jambo hilo. Watu wa sehemu hii wakisikia neno "maendeleo" kisha wakauliza kwanza "shamba la nani?", wana sababu yao, na afisa yeyote anayekuja na ramani asione kuwa wanachelewesha kazi.

Tangu 1963 mji ukawa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi, na tangu 2013, ugatuzi ulipoanza, makao ya kaunti. Ofisi zikaongezeka, chuo kikuu kikaleta maelfu ya vijana, nyumba za kupangisha zikainuka Lurambi, Amalemba, Sichirai na Kefinco. Hili la mwisho ni jina la kuchekesha kidogo: lilitokana na mradi wa maji wa Kenya na Ufini uliofanya kazi sehemu hizi miaka ya 1980. Wafini waliondoka zamani, jina likabaki kwenye midomo ya utingo.

Leo Kakamega ni manispaa. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, iliyorekebishwa mwaka 2019, inaeleza daraja hizi kwa idadi ya watu: kituo cha soko ni kuanzia watu 2,000, mji mdogo 10,000, manispaa 50,000, na jiji 250,000. Manispaa huwa na bodi yake. Kupitia Mpango wa Kusaidia Miji nchini, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, miji 59 katika kaunti 45 ilipewa fedha za kujenga vitu vya aina fulani tu: barabara na njia za miguu pamoja na taa zake, mitaro, uzoaji wa taka, masoko na bustani, na huduma za zimamoto. Kakamega ilikuwa mojawapo. Anayepita mjini sasa na aliyepita miaka kumi iliyopita wanaona tofauti. Zipo barabara za mitaani zilizokuwa vumbi ambazo leo zina lami na taa, na bustani ya Muliro katikati ya mji ni mahali mtu anaweza kuketi akingoja ofisi ifunguliwe.

Hata hivyo lami ni rahisi kuipiga picha. Mtaro hauna picha nzuri. Mvua ya saa tisa ikinyesha mjini, maji hushuka kwa nguvu kwenye mitaro iliyojaa maganda ya miwa, chupa za plastiki na mchanga. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, na kweli ilipungua, lakini chupa hazikuguswa na marufuku hiyo. Maji yakikosa njia hupanda barabarani, huchimba ukingo wa lami, na baada ya misimu miwili lami yenyewe inaanza kumeguka. Pesa za kuirudishia zinatoka kwenye mfuko uleule ambao ungejenga choo cha sokoni. Kusafisha mtaro kabla ya mvua za Machi ni kazi ya siku chache kwa majembe na mikokoteni, haina sherehe ya kukata utepe, na pengine ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko zote mjini.

Na hapa ndipo Buyangu inapoingia kwa namna nyingine. Mto Isiukhu hupita msituni hapa, huanguka kwenye maporomoko ambayo wageni huyafuata, kisha huteremka kuelekea mji wa Kakamega kabla ya kuungana na Nzoia na kwenda Ziwa Victoria. Mji hunywa kutoka mto huo. Mtu wa Amalemba akifungua bomba, anafungua kitu kilichopita kwenye kivuli cha miti ya Buyangu. Msitu wa Kakamega ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa kuhifadhiwa mwaka 1933, na upande huu wa kaskazini ukafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Sasa unasimamiwa na KWS. Kukata miti, kuchoma makaa na kulisha ng'ombe ndani yake hakuruhusiwi. Wakazi wa hapa wanaijua gharama ya sheria hiyo, maana kuni walizoziokota babu zao leo wanazinunua. Mji nao bado unapika kwa makaa, na gunia la makaa linaloingia sokoni usiku halina jina la msitu lilikotoka. Kwa hiyo mkazi wa Buyangu akiuliza mji unamrudishia nini kwa kulinda chanzo cha maji yake, hilo ni swali halali katika kikao chochote cha bajeti, na linastahili jibu la shilingi.

Kuna mji mmoja Marekani, katika jimbo la Michigan, uitwao Kalamazoo. Jina lake linakaribiana na Kakamega hata mtu akadhani ni majirani. Mwaka 1959 viongozi wake walifunga sehemu ya barabara ya katikati ya mji, Burdick Street, magari yasipite, wakapanda miti na kuweka viti. Wateja walikuwa wameanza kuyafuata maduka mapya nje ya mji, kwenye nafasi kubwa za kuegesha magari, na Kalamazoo ilitaka kuwarudisha. Ulikuwa mtaa wa kwanza wa aina hiyo Marekani na miji mingi ikaiga. Mwaka 1998 sehemu ya mtaa huohuo ilifunguliwa tena kwa magari. Wataalamu wamebishana sana kuhusu sababu, lakini jambo moja liko wazi kwa anayetazama kutoka hapa: mteja wa Kalamazoo alikuwa na gari, na lilipomfaa zaidi duka la nje ya mji, aliwasha gari akaenda.

Mteja wa Kakamega ni mwingine kabisa. Anakuja kwa matatu au bodaboda, anatembea, ana mzigo kichwani au mtoto mgongoni. Miji mingine inatafuta kwa taabu namna ya kuwarudisha waenda kwa miguu katikati; Kakamega inao tayari, kwa maelfu, kila asubuhi. Kinachobaki ni kuwapa pa kupita. Njia ya miguu ya mita mbili isiyokatizwa, kutoka steji hadi sokoni hadi hospitalini, ingemsaidia mama mboga, mzee mwenye mkongojo na mtu wa kiti cha magurudumu kwa wakati mmoja. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote pa umma. Njia iliyokatizwa na gari lililoegeshwa inaikata haki hiyo palepale.

Wachuuzi nao? Hapa hakuna jibu jepesi, na anayedai analo hajauza kitu barabarani. Mwenye duka analipa kodi ya nyumba na leseni, kisha anamwona mchuuzi amepanga viatu vya mitumba mlangoni mwake. Mchuuzi naye anajua kwamba akihamishiwa ghorofa ya juu ya soko jipya, wateja wenye mizigo hawatapanda ngazi kumfuata. Wote wawili wanasema kweli. Anayepita katikati yao, ambaye njia ni yake, hakuna aliyemuuliza. Suluhisho lolote la kudumu huanza kwa kuhesabu: watu wangapi hupita hapa, saa ngapi, wakienda wapi. Soko likijengwa mahali watu wanapopita tayari, wachuuzi huingia wenyewe bila askari wa kaunti kuwafukuza. Likijengwa mahali ambapo ploti ilipatikana tu, hubaki na mapopo.

Sasa turudi huku nje ya manispaa, maana hapa ndipo nafasi bado ipo. Tazameni barabara kutoka mjini hadi Malava. Maduka yanasogeleana mwaka hadi mwaka. Shamba lililokuwa ekari mbili linagawanywa ploti za futi hamsini kwa mia, za mbele zinauzwa kwanza kwa kuwa zinagusa lami, na za nyuma zinabaki bila njia hadi jirani akubali kukatwa ukingo wake. Baada ya miaka kumi kituo kina maduka sitini, nyumba za kupangisha nyuma yake, na uchochoro mmoja ambao gari la zimamoto haliwezi kuupita. Mwenye jengo la juu ameelekeza maji yake kwa jirani wa chini, na kesi iko kwa chifu.

Hakuna mtu aliyepanga hivyo. Kila mmoja alijenga vizuri kwenye ploti yake. Tatizo ni kwamba njia, mtaro na mahali pa kutupa taka si vya ploti ya mtu yeyote, hivyo visipoachiwa nafasi mapema havitokei vyenyewe. Na kuviweka baadaye ni ghali mno. Kifungu cha 40 cha Katiba kinataka mtu anayechukuliwa ardhi kwa matumizi ya umma alipwe fidia ya haki, kikamilifu na kwa haraka. Hilo ni jema. Watu wa enzi za dhahabu wangelitamani. Lakini maana yake ni kwamba njia ambayo familia tano zingekubaliana leo kwa kuvuta kamba na kusimika vigingi, kesho kaunti italazimika kuinunua pamoja na ukuta, choo na mti wa parachichi.

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka kila anayejenga au kubadilisha matumizi ya ploti, kwa mfano kutoka shamba kuwa nyumba za kupangisha, aombe idhini ya kaunti kwanza. Wengi huikwepa wakihofia kuzungushwa. Sheria hiyohiyo inamlinda mwombaji: asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, ombi huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Tunza nakala ya ombi yenye muhuri wa tarehe lilipopokelewa. Bila muhuri huo siku 60 hazina pa kuanzia kuhesabiwa.

Kuhusu ushuru, mambo mawili yatosha. Ada zote za kaunti hutajwa katika Sheria ya Fedha ya Kaunti inayopitishwa na Bunge la Kaunti, na kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni inayotozwa bila sheria. Anayelipa anastahili risiti. Asiyepewa risiti ana haki ya kuuliza pesa zile zimekwenda wapi, na anayeuliza hivyo hatafuti ugomvi.

Wananchi husema, na si bila sababu, kwamba vikao vya ushirikishaji wa umma huitwa wakati mambo yameshaamuliwa. Mara nyingi pia huitwa saa ambayo wahusika hawapo: mkutano wa Jumanne saa nne asubuhi mjini ni mkutano ambao mama mboga yupo mita mia mbili kutoka ukumbini na hawezi kuingia, kwa sababu nani atabaki na mboga? Kikao cha soko kifanyike sokoni. Kikao cha Buyangu kifanyike Buyangu, kama hiki.

Dawa nyingine ni kujua kalenda. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe ambazo haziahirishwi kwa hiari ya afisa. Mpango wa maendeleo wa mwaka lazima ufike Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na miradi hutajwa humo kwa mara ya kwanza, miezi kumi kabla mwaka wa fedha haujaanza. Taarifa ya mkakati wa fedha hufika kabla ya 28 Februari, ikisema kila idara itapata kiasi gani. Makadirio ya bajeti hufika kabla ya 30 Aprili. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Anayetaka mtaro au taa kituoni kwake akaja na ombi mwezi Mei, anagombania makombo. Wakati wa kusema kwa sauti ni Julai na Agosti, kabla mpango haujafungwa, na tena Februari. Wakati mbaya kuliko wote ni siku ya kufungua mradi.

Ombi linaweza kupelekwa kwa msimamizi wa wadi, kwa mwakilishi wadi, au moja kwa moja kwa Karani wa Bunge la Kaunti kama lalamiko rasmi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mkazi haki hiyo. Anayetaka kujua mradi fulani ulipewa pesa ngapi, nani alipewa kandarasi na ulipaswa kwisha lini, atumie Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ya umma inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Barua hiyo haihitaji wakili, na sheria inasema wazi inaweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili.

Ukurasa mmoja unatosha. Taja mahali hasa: si "barabara ya Buyangu" bali kutoka wapi hadi wapi, na alama iliyo karibu, kama shule, kanisa au daraja. Taja tatizo ni lipi na limeanza lini. Taja ni nani wanaopita hapo na saa ngapi, hata kama mmewahesabu nyinyi wenyewe kwa asubuhi mbili, mkiandika kwenye daftari. Wekeni majina na sahihi za wanaoomba, tarehe, na muombe nakala ipigwe muhuri. Vijana wa bodaboda wanaweza kuifanya kazi ya kuhesabu kuliko mtu yeyote, kwa kuwa wako hapo njia panda tangu alfajiri na wanamjua kila anayepita.